Ubeti wangu una vina, mbona unajikwaa?

Karani wa Mwaloni
Ndugu zangu washairi, salaam. Mimi hushinda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwanza, nikiandika hesabu za magunia ya dagaa, na tangu mwaka huu uanze nimeshikwa na hamu ya kutunga mashairi. Nimeanza na wavuvi wanaotoka usiku, na mishororo yangu miwili ya kwanza ni hii:

*Karabai zinang'aa, ziwani usiku kati,*
*Wavuvi wamekaa, wakivuta nyavu dhati.*

Vina ninaviona vimelingana, vya kati na vya mwisho, lakini nikisoma kwa sauti mshororo wa pili unajikwaa, nami sijui kasoro iko wapi. Je, anayeanza ashike kwanza kanuni, au aandike yaliyo moyoni na kanuni zifuate baadaye?

Mzee wa Nansio
Mwanangu, sikio lako halikukudanganya. Mshororo wa shairi letu la kawaida hubeba mizani 16, yaani silabi 16: 8 za ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 za utao, nusu ya pili. Hesabu sasa ukwapi wako wa pili: wa-vu-vi-wa-me-ka-a. Ni 7, na pengo hilo ndilo linalokukwaza. Hesabu silabi, usihesabu herufi. Kumbuka kwamba "m" ya "mtu" ina mizani yake yenyewe, na "n" ya "nchi" vilevile, ilhali "mb" ya "mbuzi" haitengani na irabu inayoifuata. Mimi nilihesabu kwa vidole miaka mingi, na hata leo nikichoka navirudia.

Hata hivyo, kasoro inayonisumbua zaidi ni neno "dhati". Nyavu dhati ni nyavu gani? Neno ni zuri, ila hapa umeliita lije kufunga kina tu, na msomaji hulitambua mara moja neno lililokuja kwa kazi hiyo. Jiulize mvuvi anafanya nini saa ile, kisha utafute kina ndani ya jibu. Mimi ningesema:

*Wavuvi macho wakaa, wamelowana mashati.*

Ukiona mizani 16 zinakuelemea, anza na utenzi, ambao mshororo wake una mizani 8 tu na ubeti wake mishororo minne: mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho.

Mwalimu wa Nyegezi
Kwa heshima ya Mzee, naomba nijibu swali la pili. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, huko huko Ukerewe aliko Mzee, mwaka 1944, alichapisha diwani yake ya mashairi *Kichomi* mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani, na mabishano makali yakazuka iwapo kazi kama ile iitwe ushairi. Mimi nasema ni ushairi, tena mkubwa. Lakini anayesoma mashairi yake kwa sauti husikia kwamba kila mshororo umekatwa mahali panapostahili, kwa hiyo asidhani mtu kwamba shairi huru ni insha iliyokatwakatwa. Ndiyo maana huwashauri wanafunzi wangu waanze kwa kuhesabu: sikio lililozoea mizani hujua linaacha nini linapoziacha.

Binti wa Igombe
Kaka Karani, mimi nimezaliwa katika nyumba ya wavuvi na nina neno moja tu. Huku kwetu wengi wameziacha karabai na sasa wanatumia taa za sola. Je, karabai hizo uliziona kwa macho yako, au ulizikuta katika mashairi ya watu? Kama uliona taa za sola, ziandike hizo. Tena "Taa za sola zang'aa" ni mizani 8 kamili, nimehesabu.

Karani wa Mwaloni
Asanteni sana, nyote. Dada, umenishika pabaya, kwa maana karabai niliziokota katika mashairi niliyosoma shuleni. Taa ninazoziona zikirudi mwaloni alfajiri ni za sola kweli. Mzee, kwa ruhusa yako nimeuchukua mshororo wako uwe kipimo, nami nitatunga wa kwangu wa kuuweka mahali pake. Mshororo wa tatu nimeuanza "Mtumbwini na dagaa", ambao nimeuhesabu mara tatu kwa vidole na "m" yake nikaipa mizani yake. Utao bado sijaupata, na leo usiku nitakwenda kukaa ufukweni niangalie kwanza.