Amri ya Trump kuhusu Antifa na mswada wa kuorodhesha makundi ya ndani: tofauti iko wapi?

Mdadisi wa Sheria:
Wakuu, Septemba 22, 2025 Trump alitia saini amri ya kuitaja Antifa (vuguvugu la mrengo wa kushoto linalopinga ufashisti) kuwa kundi la kigaidi la ndani. Bado kuna wanaotaka Bunge la Marekani litunge sheria kabisa. Kama amri ipo, mswada wa nini tena? Na ukipita, aliyechanga hela kidogo tu anaguswa vipi?

Kifungu kwa Kifungu:
Mkuu, ile amri inaelekeza idara za serikali zichunguze na zifuatilie fedha. Haiundi kosa jipya la jinai, maana rais hana mamlaka hayo.

Orodha yenye meno ni ya makundi ya kigeni tu, kifungu cha 219 cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia. Waziri wa Mambo ya Nje huwaarifu viongozi wa Bunge siku 7 kabla, kisha hutangaza kwenye gazeti rasmi la serikali, na kundi lina siku 30 za kukata rufaa kwenye mahakama ya rufaa ya Washington. Likishaingia, anayelipatia kundi msaada wa hali na mali kwa kujua (pesa, mafunzo, makazi, hata nguvu zake mwenyewe) anakabiliwa na hadi miaka 20 jela. Mtu akifa kutokana na msaada huo, hadi maisha.

Ugaidi wa ndani umefafanuliwa kisheria tangu 2001, ila ufafanuzi huo hauna adhabu yake. Mshtakiwa hushtakiwa kwa bomu, mauaji, njama na kadhalika. Pengo hilo ndilo mswada unataka kuziba.

Wakili Mtazamaji:
Niongeze: kifungu cha 2339A cha sheria ya jinai ya Marekani hakijali kundi ni la ndani au la kigeni. Ukitoa hela ukijua zinaandaa mojawapo ya makosa yaliyotajwa humo, hadi miaka 15. Kwa hiyo pengo ni dogo kuliko wanasiasa wanavyolitangaza.

Tatizo ni kunakili sheria ya makundi ya kigeni na kufuta neno "kigeni". Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliikubali sheria hiyo kwa kura 6 kwa 3, hata kwa mafunzo ya kutafuta amani, lakini ikaweka wazi kwamba haisemi hivyo kuhusu makundi ya ndani. Kwa ya ndani kuna kesi ya Scales ya 1961: uanachama peke yake hautoshi, lazima uwe mwanachama hai unayejua lengo haramu na unayekusudia litimie. Mchangiaji wako wa hela kidogo anaponea hapo.

Bara na Pwani:
Mimi naona kasoro kubwa iko kabla ya hapo. Antifa haina usajili, kiongozi wala akaunti moja ya benki. Notisi anapelekewa nani? Nani atakata rufaa ndani ya siku 30? Mwishowe uanachama utathibitishwa kwa nguo nyeusi na meseji za kwenye simu.

Uingereza wanaruhusu kuorodhesha makundi ya ndani, kwa Sheria ya Ugaidi ya 2000. Palestine Action, kundi la wanaharakati wa huko wanaoitetea Palestina, ilipigwa marufuku Julai 2025, na mamia wakakamatwa kwa kushika mabango ya kuiunga mkono tu. Uanachama huko ni hadi miaka 14.

Kifungu kwa Kifungu:
Tena msiutazame mlango wa jinai peke yake. Novemba 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa 9495, kura 219 kwa 184, wa kumpa Waziri wa Fedha uwezo wa kuyafutia mashirika msamaha wa kodi kwa madai ya kusaidia magaidi. Haukuwa sheria. Ulihusu makundi ya kigeni, lakini utaratibu wake unahamishika kirahisi: notisi ya siku 90, bila hukumu ya mahakama kwanza. Mswada wowote mpya, mimi huanza kusoma hapo.