Kazi ileile, darasa lilelile, mshahara nusu: mawakala wa ualimu wa Kiingereza Thailand wanatunyonya Waafrika na tumekaa kimya

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, ila kama wewe au mdogo wako anapanga kuja Thailand kufundisha Kiingereza soma mpaka chini, maana watu wanapigwa changa la macho na waliowapiga wanajua kabisa wanachofanya.

Shule ninayofundisha iko Isan, huku kaskazini mashariki, ni sekondari ya serikali, kubwa, darasa moja lina wanafunzi arobaini na kitu. Shule haijaniajiri mimi, imeingia mkataba na wakala, wakala ndo kaniajiri. Wiki hii mama mmoja wa uhasibu, Mthai, mtu mzima mwenye roho nzuri sana, kanionyesha shule inamlipa wakala kiasi gani kwa kila mwalimu mgeni. Baht (hela ya huku) 38,000 kwa mwezi, kila kichwa, haijalishi umetoka wapi. Mimi naingiziwa 20,000. Mzungu tunayegawana naye madarasa, vipindi sawa, kitabu kilekile, mitihani tunatunga pamoja, yeye anapata 34,000. Kwa hiyo shule inatoa hela ileile kwa wote wawili, alafu wakala anaangalia paspoti na rangi ndo anaamua akate ngapi. Kwa mwenzangu anakata elfu nne. Kwangu elfu kumi na nane. Kila mwezi! Na ukimuuliza anakujibu eti ndo soko lilivyo, wazazi wanataka wazawa wa Kiingereza, yaani waliokua wanakiongea tangu utotoni.

Wazazi gani? Hapa wazazi hawalipi chochote cha huyo wakala, hela inatoka shuleni na shule ishalipa bei moja. Alafu huyo mwenzangu mwenyewe kwao sio Uingereza wala Marekani, katoka nchi ya Ulaya ambayo Kiingereza wanajifunza shuleni kama sisi tulivyojifunza, na mara nyingi anakuja kuniuliza mambo ya sarufi kabla hajaingia darasani. Simchukii hata kidogo, ni jamaa mzuri na nilipomwambia hizi namba alikasirika kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba hoja ya uzawa ni uongo. Wanalipa sura. Ndo maana kwenye kila tangazo la Facebook kabla hujaulizwa cheti unaambiwa tuma picha, na ukituma kimya kinatawala, au unajibiwa nafasi imejaa na kesho yake tangazo linarudi vilevile.

Na Wafilipino je? Hawa ndo wamezibeba shule za hii nchi miaka yote, wana digrii za ualimu kabisa, wanafundisha mpaka hesabu na sayansi kwa Kiingereza, na wanalipwa 18,000, 20,000, wakibahatika 22,000. Dada mmoja Mfilipino hapa shuleni kwetu anafundisha, anasimamia maandishi yote ya Kiingereza ya shule, anaandaa watoto wa mashindano ya hotuba, na bado mshahara wake hajaongezewa tangu aanze. Sisi Waafrika tumewekwa kapu moja nao, tena wakati mwingine chini yao.

Sasa angalia tunachodaiwa ili tupate hiyo elfu ishirini. Digrii iliyohakikiwa, cheti cha TEFL (kozi ya kufundisha Kiingereza kwa wageni) cha saa 120, cheti cha tabia njema cha polisi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa sababu tumetoka Tanzania, na juu ya hapo mtihani wa kupima Kiingereza wa TOEIC, alama 600 na kuendelea kati ya 990, na matokeo yakifika miaka miwili yameisha muda, unarudia, unalipa tena. Mimi nina digrii ya ualimu, somo langu la kufundishia ni Kiingereza, nimefundisha nyumbani kwa kujitolea wakati nasubiri ajira ambazo hazikuja. Nikakaa kwenye chumba cha mtihani Bangkok kuthibitisha kwamba najua kusoma na kusikiliza Kiingereza. Sawa, sheria ni sheria, nimefanya, nimefaulu vizuri tu. Ila mwenye digrii ya kitu kingine kabisa, hajawahi kushika chaki, akiwa na paspoti ya moja ya zile nchi za wazawa wa Kiingereza wanazozitaka, haulizwi mtihani, na analipwa karibu mara mbili yangu. Hapo ndo damu inachemka.

Tukija kwenye mkataba ndo balaa zaidi. Mkataba ni wa miezi kumi. Mwaka wa shule huku unaanza katikati ya Mei, muhula wa kwanza unaisha mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, wa pili unaanza Novemba mpaka Machi. Kwa hiyo wakala anahesabu miezi ya kazi anakulipa hiyo tu, likizo unajitegemea, kodi ya chumba inaendelea, nyumbani wanaendelea kupiga simu. Gawanya hiyo laki mbili ya baht kwa miezi kumi na mbili uone inabaki 16,000 na kitu kwa mwezi. Bado wanakata asilimia 5 ya hifadhi ya jamii, na kuna watu nawajua wamekatwa mwaka mzima, siku wameugua wamefika hospitali wanaambiwa jina halipo kwenye mfumo.

Makato mengine wanaita gharama za nyaraka. Mimi nilikatwa 15,000 kwa awamu. Nikaja kujua baadae kwamba kibali cha kazi cha mwaka mmoja ada yake serikalini ni baht 3,000, na kuongeza muda wa kukaa nchini ni baht 1,900. Jumla haifiki hata 5,000. Hiyo elfu kumi nyingine nani kala?

Alafu English camp. Jumamosi na Jumapili unabebwa kupelekwa shule nyingine kuimba na kurukaruka na watoto mia mbili juani, shule hiyo imemlipa wakala, wewe unapewa wali na maji ya kunywa. Ukikataa unaambiwa huna moyo wa timu. Mwisho wa muhula unaambiwa usifelishe mtu, hata yule ambaye hajaingia darasani muhula mzima, mpe karatasi aandike chochote umpe alama ya kufaulu. Hili linaniuma kama mwalimu, sio kama mfanyakazi, maana kuna watoto wanajituma kweli na wanaona yule anayelala nyuma kapita sawa na wao.

Na mtaniuliza mbona huachi. Nitawaeleza na hili ndo wengi nyumbani hawalijui. Ruhusa yako ya kukaa nchini imefungwa kwenye ajira yako. Siku wakala akifuta mkataba, na ruhusa ya kukaa imekufa siku hiyohiyo, unaenda uhamiaji unalipa 1,900 unapewa siku saba za kujipanga au uondoke. Siku saba utapata shule gani? Kwa hiyo wakala anajua amekushika pabaya, na anakukumbusha kila ukilalamika, kwa maneno matamu tu, eti tusije tukaharibu viza yako mwalimu.

Hapo naongelea sisi wenye karatasi. Kuna wadogo zetu wameletwa kwa viza ya kitalii, wakaambiwa anza kufundisha nyaraka zinashughulikiwa, miezi inapita, wanapelekwa Laos kugonga mihuri na kurudi. Wakikamatwa faini ya kufanya kazi bila kibali ni baht 5,000 mpaka 50,000 na kurudishwa kwenu. Muda wa viza ukikupita ni baht 500 kwa siku mpaka ifike 20,000, na wakikukamata mtaani muda ukiwa umepita, hata kama haujafika mwaka, unafungiwa kuingia Thailand miaka mitano. Mwajiri naye sheria inamtaka alipe 10,000 mpaka 100,000 kwa kila mtu aliyemwajiri bila kibali, lakini wakala keshakwambia ukiulizwa sema umekuja kutembea shule. Wewe ndo unaingia kwenye gari la uhamiaji.

Wakuu, sitaki kudanganya kwamba kila kitu kibaya, maana nikifanya hivyo nitakuwa kama hao mawakala upande wa pili. Watoto wa huku wana heshima ambayo inakufanya utake kuamka asubuhi. Asubuhi saa mbili wako mstarini bendera inapanda, getini kila mmoja anakuinamia na mikono imekutana kifuani. Kuna siku ya Wai Khru, mwezi wa sita, Alhamisi, wanafunzi wanatengeneza maua wenyewe kwa mikono, wanapiga magoti kuwashukuru walimu, na mimi mweusi wa Tanzania nilikaa kwenye kiti pamoja na walimu wote na nikaletewa maua kama wao. Wanafunzi wangu wa darasa la kwanza la sekondari mwanzoni walikuwa wanaogopa hata kusema jina lao, sasa wanabishana na mimi kuhusu mpira kwa Kiingereza. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuniambia lafudhi yangu haieleweki, walimu wenzangu Wathai wananiita mezani kula wali wa kunata na som tam (saladi ya papai bichi), chumba kizuri nalipa 3,500, chakula cha mtaani baht 50 umeshiba, natembea usiku na simu mkononi sina wasiwasi. Ndo maana nimekaa. Hii kazi naipenda na naifanya vizuri, na ndo maana siwezi kuvumilia mtu wa katikati asiyejua hata jina la mwanafunzi mmoja achukue karibu nusu yake.

Sasa nyie wa nyumbani mnaouza hizi nafasi, na hapa nawasema Watanzania wenzangu. Mnamchaji kijana mamilioni, anauza kiwanja cha baba yake, mnamwambia mshahara ni dola elfu na mia tano, nyumba bure, tiketi itarudishwa. Mnajua fika atalipwa elfu ishirini ya baht, ambayo ni kama milioni moja na nusu ya kwetu, na humo ndani alipe kila kitu. Na mnajua Thailand sio mahali pa kutuma mtu bila kujua anapokelewa na nani. Wakenya na Waganda wangapi waliahidiwa ajira Thailand, wakapokelewa Bangkok, wakaendeshwa mpaka Mae Sot, mji wa mpakani, wakavushwa mto kuingia Myawaddy upande wa Myanmar kufanyishwa utapeli wa mitandaoni kwa kipigo? Serikali ya Kenya ilianza kutoa onyo tangu 2022, na mwanzoni mwa 2025 watu wa mataifa mengi walitolewa kule, Wakenya wakiwemo. Mtu akikwambia kazi ya ualimu lakini jina la shule utalijua ukifika, usipande ndege.

Wengine watasema basi nenda China, Korea au Japani. Korea viza yao ya kufundisha Kiingereza, E-2, inataka raia wa nchi saba, Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. China ni hizohizo saba isipokuwa wachache wenye sifa maalumu, na ukifundisha kwa viza ya uanafunzi, kama wengi wanavyoshawishiwa na shule za chekechea huko, faini ni yuan 5,000 mpaka 20,000, na ikionekana kosa ni kubwa wanakuweka ndani siku 5 mpaka 15. Tangu Julai 2021 walipobana masomo ya ziada hata yale madarasa ya jioni na ya onlaini yaliyokuwa yanalisha watu yalikufa. Japani kwa viza ya ualimu wa lugha mashuleni (Instructor) kwa kawaida wanataka uwe umesoma miaka 12 kwa lugha unayofundisha. Mtanzania aliyepita msingi ya serikali kwa Kiswahili ana form one mpaka form six miaka 6, chuo miaka 3, jumla 9, hapiti. Inauma lakini angalau Japani wanapima elimu uliyopata, hawapimi rangi ya paspoti.

Na ukipata tatizo unakimbilia wapi? Wakenya wana ubalozi wao Bangkok. Sisi ubalozi wetu uko Kuala Lumpur, nchi nyingine. Paspoti ikikaribia kuisha ni safari, hela na likizo ambayo wakala anaikata kwenye mshahara.

NYONGEZA: nimesoma komenti. Aliyesema nirudi nyumbani kama sipendi, sijasema sipendi, nimesema nalipwa nusu ya haki yangu. Aliyesema nishukuru maana Bongo ningepata laki nne, hiyo ndo hesabu anayoitumia wakala kunikata elfu kumi na nane, usimsaidie.

Walioniuliza cha kufanya: ulizeni shule moja kwa moja kama inaajiri bila wakala, zipo, na zinalipa miezi 12. Mkataba wa Kithai usisaini mpaka mwalimu Mthai usiyelipana naye akusomee kipengele cha miezi ya malipo na cha makato. Hakikisha jina la mwajiri na mahali pa kazi kwenye kibali ndo pale unapofundisha kweli. Risiti za serikali za viza na kibali ni za kwako, zidai. Ofisi ya ulinzi wa wafanyakazi ipo kila jimbo na inapokea malalamiko ya wageni, nendeni na Mthai wa kuwatafsiria. Mimi naenda wiki ijayo na yule mama wa uhasibu amekubali kunisindikiza.

Wenzangu mliopo huku, andikeni hapa chini: jimbo, shule ya serikali au binafsi, unalipwa ngapi, miezi mingapi, makato gani, nani alilipia kibali. Majina yenu na ya shule msiweke. Nitazipanga zote kwenye jedwali moja nilibandike juu ya uzi, kila anayetaka kuja alione kabla hajatoa hata shilingi.