Filbert Bayi kuongoza mwanzo mwisho: ilikuwa mbinu au pumzi tu?

Mkaza Mwendo

Habari zenu wakuu, naomba wenye uelewa wa riadha mnisaidie hapa. Nina mdogo wangu yuko kidato cha tatu, anakimbia mita 1500 na mwaka huu kafika UMISSETA (mashindano ya shule za sekondari) ngazi ya mkoa. Sasa dogo kila mbio bastola ikilia tu anatoka nduki anaongoza peke yake, siku nyingine anashinda kwa mbali, siku nyingine raundi ya mwisho anakata moto wanampita wawili watatu. Mwalimu wake wa michezo kamwambia aache, akae nyuma ya wenzie asubiri. Dogo anajibu mbona Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, alikimbia hivyohivyo na akavunja rekodi ya dunia.

Nikaitafuta klipu ya mbio yake ya Christchurch, New Zealand, 1974, na kweli bana, mzee anaongoza mwanzo mwisho, nimeiangalia nikairudia. Swali langu: ile ilikuwa mbinu kaipanga au alikuwa na pumzi za kuzaliwa tu? Na je ilimlipa maisha yake yote ya kukimbia au ni siku ile moja?

Mzee wa Stopuochi

Mkuu umeuliza swali zuri sana, ngoja nijibu kwa kirefu maana hii mbio naipenda kuliko zote.

Ilikuwa mbinu, asilimia mia. Tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500 michezo ya Jumuiya ya Madola, uwanja umejaa watu wa New Zealand wanamshangilia John Walker wao. Pembeni yupo Ben Jipcho wa Kenya ambaye kwenye michezo hiyohiyo alichukua dhahabu ya mita 5000 na ya kuruka viunzi na maji, yupo Rod Dixon, yupo Mike Boit. Hao wote wana spidi ya kumalizia. Sasa wewe ukikaa nao kundi moja mpaka mita 200 za mwisho umeshajipeleka kwenye mchezo wao. Bayi akawanyima huo mchezo. Mita 800 kapita chini ya 1:53, wenzie wakamwacha aende kwa sababu kwa akili ya kawaida mtu wa hivyo lazima atakufa mbele ya safari.

Rudi kwenye klipu uangalie raundi ya tatu, watu wengi hawaoni hapa. Bayi anapunguza kidogo. Anajipa nafasi ya kuvuta pumzi akiwa bado anaongoza, nyuma wanamkaribia wanadhani ndo anakata, halafu mita 300 za mwisho anaongeza tena! Walker anakuja, anakuja, anaishiwa uwanja. Bayi 3:32.16 rekodi ya dunia, Walker 3:32.52, na Walker naye kaivunja rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun ya 3:33.1 lakini kaambulia fedha. Jipcho wa tatu 3:33.16. Mtu mwenye pumzi tu bila hesabu hawezi kugawa mbio namna ile.

Na ile rekodi ilikaa mpaka 1979 ndo Sebastian Coe akaishusha kwa 3:32.03. Kama rekodi ya michezo ya Madola ilikaa mpaka 2022, miaka 48! Na kwa Tanzania bado haijaguswa mpaka leo.

Binti Karatu

Asante Mzee wa Stopuochi, umenifanya na mimi nikaitafute hiyo klipu. Kwetu Karatu huyu mzee ni heshima kubwa. Niongezee tu kwamba Christchurch haikuwa bahati ya siku moja, mwaka mmoja kabla alishashinda 1500 michezo ya Afrika pale Lagos akamwacha Kipchoge Keino wa Kenya mwenyewe, bingwa wa Olimpiki wa 1968. Na 1975 akaenda Kingston, Jamaika, akavunja rekodi ya dunia ya maili kwa 3:51.0, ya Ryun ilikuwa 3:51.1, na kule pia aliongoza kuanzia mwanzo.

Mbishi wa Kimara

Mimi nitatofautiana kidogo na waliotangulia. Namheshimu sana Bayi ila tuseme ukweli, ile staili ilimgharimu pia. 1973 Stockholm kwenye maili alitoka mbio hivyohivyo Jipcho akamkamata akamshinda. Rekodi yake ya maili haikumaliza hata miezi mitatu, Agosti 1975 Walker akakimbia 3:49.4. Edmonton 1978 kwenye Madola kapigwa na Mwingereza David Moorcroft kwa sekunde 0.11. Anayeongoza ndo anayepasua upepo kwa ajili ya wenzie wote, nyuma wamejikinga wanasubiri. Siku hizi rekodi nyingi za 1500 zinawekwa na wapeisi (wakimbiaji wa kuvuta kasi tu) wawili watatu mbele na taa za kuonyesha kasi zinatembea pembeni ya uwanja, kwa nini unadhani wanafanya hivyo? Kwa sababu kuongoza peke yako ni gharama. Dogo amsikilize mwalimu.

Mzee wa Stopuochi

Mbishi hoja yako ya upepo ni ya kweli kabisa, siipingi. Lakini hapo hapo ndo ukubwa wa Bayi ulipo, 3:32.16 bila mpeisi, bila taa, fainali ya ubingwa. Mwingine ninayemfahamu aliyefanya kitu cha aina hiyo kwenye fainali kubwa ni David Rudisha London 2012, mita 800 kaongoza mwanzo mwisho 1:40.91, rekodi ya dunia.

Halafu ukiwa mbele kuna faida ambayo haipimwi na saa. Husukumwi, hukanyagwi na spaiki, hufungiwi ndani kwenye kona. Mbio ya 1500 kundini kuna viwiko vingi, mkimbiaji mwembamba anaweza kupoteza fainali bila kuishiwa pumzi.

Msomaji wa Magazeti

Jamani mnaongea Stockholm na Edmonton, mbona hakuna anayegusa Montreal 1976? Pale ndo kidonda chenyewe. Dunia nzima ilikuwa inasubiri Bayi na Walker, mmoja ana rekodi ya 1500 mwingine ya maili. Timu ya raga ya New Zealand ikaenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Afrika ikataka New Zealand ifungiwe, kamati ya Olimpiki ikakataa, nchi nyingi za Afrika zikasusa na Tanzania tukiwa mstari wa mbele. Walker akachukua dhahabu kwa 3:39.17, mbio ya pole pole kabisa, kila mtu kamsubiri mwenzie. Sasa fikiria Bayi angekuwemo, nani angethubutu kwenda pole pole?

Kweli ipo pia habari kwamba mwaka ule malaria ilimsumbua, kwa hiyo hatuwezi kusema dhahabu ilikuwa yake tayari. Ila mimi msimamo wangu, kususa ilikuwa sahihi, watu walikuwa wanauawa Soweto mwezi mmoja tu kabla ya michezo. Na aliyelipa gharama ni kijana wa miaka 23 aliye kwenye ubora wake. Yote mawili ni kweli, na ukimhesabu Bayi kwa medali za Olimpiki bila kusema hilo unamwonea.

Binti Karatu

Umesema kweli Msomaji. Na bado hakukata tamaa, Moscow 1980 akarudi na mita 3000 kuruka viunzi na maji. Hata kule kawaongoza! Kawaacha mbali sana mpaka raundi ya mwisho, yule Mpoland Bronisław Malinowski akaja kumkamata mwishoni kabisa, Malinowski 8:09.70, Bayi 8:12.48. Hiyo fedha na ya Suleiman Nyambui ya mita 5000 michezo ileile ndo medali pekee za Olimpiki tulizonazo mpaka leo. Nikiangalia ile mbio roho inaniuma, lakini hata akiwa amechoka miguu haiinuki vizuri kwenye viunzi bado anapambana.

Mkaza Mwendo

Wakuu nawashukuru sana, nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Sasa nirudi kwa dogo, Mzee wa Stopuochi wewe ungekuwa mwalimu wake ungemwambia nini? Maana nikimwonyesha huu uzi atasoma ya Christchurch tu, ya Moscow ataruka.

Mzee wa Stopuochi

Mwonyeshe zote mbili ila mwanzie Moscow.

Mimi nisingemkataza kuongoza, ningemfundisha kuongoza. Tatizo lake nadhani ni raundi ya kwanza, watoto wengi wanaifungua kama ya mita 400. Bayi wastani wake Christchurch ulikuwa kama sekunde 56.6 kwa raundi, ya kwanza aliipita haraka kidogo tu kuliko hapo, hakuwa kichaa. Kama dogo anakimbia 4:15 basi wastani wake ni sekunde 68 kwa raundi, sasa mwulize ya kwanza anapita ngapi, akikwambia 60 umeshapata jibu kwa nini wanampita. Ashike saa mazoezini, akimbie mita 400 kwa 67 au 68, apumzike dakika mbili, arudie mpaka miguu ijue hiyo kasi yenyewe bila kuangalia saa. Siku nyingine mwalimu amwambie raundi ya tatu ashushe sekunde moja au mbili halafu 300 za mwisho atoe kilichobaki.

Na mbio ndogo ndogo ambazo hazina maana kwenye matokeo akae kundini makusudi, azoee viwiko. Akifika taifa atakutana na watoto ambao hawatamruhusu aende peke yake.

Mbishi wa Kimara

Hapo kwenye saa nakuunga mkono. Mkaza Mwendo ukipata muda wake wa raundi ya kwanza uje utuwekee hapa.