Tupeane uzoefu: kitabu cha Warden kimewahi kukuokoa ama kimekuaibisha?

MzeeWaUmo1

Wasee niaje. Jana kwa klani yetu tumekesha tukibishana juu ya Clash of Clans, hii gemu ya simu ya kuvamia beisi za watu, mpaka watu wakaanza kutoleana maneno, nikaona afadhali nilete hii stori hapa. Kuna jamaa wetu amemvua shujaa wake Warden Eternal Tome, yaani hicho kitabu, akamvalisha Fireball, mpira wa moto, eti kitabu kimezeeka, na kwa vita ya juzi akarudi na nyota mbili kati ya tatu ataki zote mbili, sasa hatujui shida ni Fireball ama ni mkono wake.

Kwa wale wageni, Grand Warden aliingia na TH11 (Town Hall levo 11, ile nyumba kuu ya beisi) mwisho wa 2015, na kazi ya kitabu chake haijabadilika: ukibonyeza, kila askari wako aliye ndani ya duara lake haumii kwa sekunde kadhaa. Si eti anapunguziwa maumivu, haumii hata kidogo. Ni mara moja tu kwa ataki nzima. Halafu Desemba 2023 wakaleta vifaa vya mashujaa na yule mhunzi, kitabu kikawa kitu cha kuvaa na kuvua, shujaa anabeba viwili tu. Zamani hatukuwa na mabishano kwa sababu hukuwa na la kuchagua.

Sasa sitaki mtu aniambie "kitabu ni moto" halafu aende. Nataka stori. Ulibonyeza lini, nini kilikuwa kinakupiga wakati huo, na baadaye ulijisikia vipi.

Naanza na aibu yangu. Nilikuwa kwa mat ya Githurai, jam ya Roysambu ile ya saa moja jioni, vita imebakisha dakika ishirini na sisi tuko sawa kwa nyota na hao wengine. Mimi ndio nilikuwa nimebakisha ataki. Beisi ni TH12, na mnajua kwa TH12 ile nyumba kubwa ikianguka inalipuka na bomu lake linafagia kila mtu aliye karibu. Plani ilikuwa safi, Bowler nyuma, Golem mbele, kitabu nimewekea bomu la TH. Dere akapiga breki ya ghafla kwa mtu wa boda, kidole gumba kikateleza juu ya uso wa Warden. Kitabu kikafunguka. Wanajeshi wangu wote wakang'aa dhahabu wakiwa bado huko nje kwa ukuta wanavunja vikusanyio vya elixir, na kitu pekee kilikuwa kinawapiga ni mnara mmoja wa mishale. Nilikaa nikiangalia hiyo dhahabu ikiisha bure. Walipofika, TH ikalipuka na Bowler wote, nikamaliza na nyota mbili, tukapoteza vita kwa asilimia. Konda akaniuliza, "Boss, umepata msiba?"

Haya, nani anafuata.

nguruwe_wa_Kayole

Pole mkubwa lakini nimecheka.

Mimi nitasema vile kilinifanya nikiheshimu. 2016 nilikuwa na kinyozi, siku za wiki wateja hakuna, kwa hivyo nilicheza sana. Wakati huo mimi ni Hog Rider tu, wale askari wa kupanda nguruwe, nguruwe mwanzo mwisho, na adui wa nguruwe ni bomu kubwa. Moja anavumilia, mawili yakilipuka pamoja stori imeisha, unaona tu mafuvu. Kwa hivyo nilijifunza kusoma beisi kabla ya kuingia: bomu kubwa linachukua miraba miwili kwa miwili, ukiona katikati ya mizinga pameachwa nafasi ya miwili kwa minne na hakuna kitu hapo, usiulize, hapo pamezikwa kitu.

Siku hiyo nikaona nafasi kama hiyo nyuma kabisa ya TH. Nikaachilia nguruwe, Warden nyuma yao. Nikangoja wakaruka ukuta wa pili na bado sijabonyeza, mteja ameingia anataka kunyolewa nikamwambia keti tafadhali dakika mbili. Wale wa mbele walipoanza kugeuka kuelekea huo mzinga ndio nikagusa. Mabomu yote mawili yakalipuka, nikasikia ule mlio wake, na nguruwe wakaendelea kugonga kama hakuna kitu. Hakuna hata mmoja alikufa hapo. Mteja akaniona nimesimama nimeinua mikono akadhani ni goli.

Kwa hivyo mimi sipimi kitabu kwa sekunde zake. Kwangu kinapimwa na kile ambacho kingekupiga ndani ya hizo sekunde. Ukifungua mbele ya mnara mmoja wa mishale kama Mzee hapo juu umeokoa nini sasa?

MzeeWaUmo1

@nguruwe_wa_Kayole nimekusikia, usitoneshe kidonda.

mama_Rongai_TH14

Hamjambo. Mimi shida yangu haikuwa kubonyeza mapema wala kuchelewa, nilibonyeza vizuri kabisa, Warden ndio hakuwa mahali.

Nilikuwa nafanya matembezi ya malkia, yaani Archer Queen na Healer zake wanakata upande mmoja wa beisi kwanza, halafu jeshi lenyewe linaingia kutoka upande mwingine. Mtoto ananyonya mkono huu, simu mkono ule. Kwa haraka nikamwachilia Warden wakati askari wengine hawajashuka, na mnajua Warden hutafuta kundi la kulifuata, sasa karibu na yeye kulikuwa na nani? Malkia na Healer. Akajiunga na hao. Mimi sina habari, niko busy upande wa pili naweka reji, ile spelli ya kuwapa askari hasira. TH inakaribia kuanguka nikabonyeza kitabu kwa furaha, dhahabu ikatokea upande wa kushoto kabisa wa skrini, malkia anang'aa peke yake anapiga kibanda cha mjenzi, na jeshi langu huku likalipuliwa lote. Lote jamani.

Kiongozi wa klani akaniandikia tu, "Mama, Warden wako alikuwa safarini?" Mpaka leo wananiita hivyo, Mama Safari.

Siku hizi Warden anashuka wa mwisho, baada ya kundi kubwa kutembea hatua kadhaa, na ninahesabu moja mpaka tatu kwanza nione anafuata nani. Kitabu ni kikali lakini kinafanya kazi ndani ya duara lake tu, na duara linatembea na huyo mzee, halitembei na wewe.

soldier_wa_zamu

Habari za usiku. Mimi ni mlinzi Kilimani, zamu ya saa kumi na mbili jioni mpaka asubuhi, kwa hivyo wakati wenu wa kulala ndio wakati wangu wa kufikiria mambo kama haya.

Huu ubishi wa kitabu na Fireball nilijaribu kuumaliza mimi mwenyewe. Kuna ile kitu ya kualikana ndani ya klani, mtu anaweka beisi yake mnaivamia bila kupoteza jeshi. Nikamwomba jamaa mmoja aweke beisi moja asiiguse, nikaivamia mara kumi na kitabu na mara kumi na Fireball, jeshi lilelile, naanzia pembe ileile. Nimeandika kwa daftari, si ile ya wageni, yangu. Ilinichukua usiku tatu kwa sababu magari yanaingia na lazima nifungue geti.

Nilichoona kilinishangaza. Fireball karibu kila mara inaniletea kitu kinachofanana, nyota mbili za asilimia ya juu, mara chache tatu. Kitabu kilikuwa kinaruka huku na huku, nyota tatu, tatu, halafu ghafla moja ya aibu, halafu tatu tena. Nikarudia riplei za zile mbaya nikisimamisha kila sekunde chache naangalia ile saa ya dakika tatu. Mbili nilifungua kabla TH haijabakisha kidogo, kwa hivyo ulinzi ukaisha TH ikiwa bado imesimama. Moja nilichelewa, TH ilianguka nikiwa naweka frizi, spelli ya kugandisha.

Ataki kumi haziwezi kufanya mtu aape. Lakini mimi nimeelewa kwa nini watu wanabishana, kila mtu anakumbuka zile zake nzuri ama zile zake mbaya.

Siri moja nitawapa: usiangalie askari wako, angalia ule mstari wa uhai wa TH. Ukibaki kipande kama kucha, hapo.

StarryTajiri

Sasa mimi nitasimama upande wa Fireball kwa sababu naona anapigwa bila wakili.

Watu wengi wanaiponda wakiwa wameivaa levo za chini. Kitabu ni kifaa cha kawaida, mwisho wake ni levo 18 na hakiombi Starry Ore, yale madini adimu ya kupandishia vifaa, hata punje. Fireball ni epiki, daraja la juu ya kawaida, inaenda mpaka 27, na hiyo Starry Ore inapatikana kwa shida, mimi nimeikusanya vita baada ya vita. Ukiwa levo ya chini unarusha mshumaa, sema ukweli. Ukiipandisha, unamwaga Earthquake, spelli ya tetemeko, kwanza majengo yanapungua nguvu, halafu Fireball inamalizia chumba kizima na jeshi lako linatembea mahali pasipo na kitu cha kulipiga. Kitabu kinakukinga na kipigo, Fireball inaondoa mpigaji. Na uzuri wake ni kwamba naifanya mwanzo wa ataki nikiwa nimetulia, simu iko kwa meza, sihitaji kukimbizana na sekunde katikati ya vurugu.

Ubaya wake nao ni mmoja na ni mkubwa. Moto unaenda kwa jengo ambalo Warden anapiga wakati huo. Kama anapiga ghala la dhahabu, utachoma ghala la dhahabu.

nguruwe_wa_Kayole

"Inaondoa mpigaji" hiyo imeingia, sikatai. Lakini bomu lililozikwa Fireball italiona wapi?

StarryTajiri

Hapo umenishika.

boda_Pipeline

Mimi hukisahau. Ataki inaisha, dakika tatu zimekwisha, naangalia chini naona uso wa Warden bado unawaka unaningoja kama abiria kwa steji. Hii imenitokea zaidi ya mara moja na sina la kujitetea.

Ile siku nilikumbuka nayo, mwenye beisi alikuwa ameficha mtego wa tonado ubavuni mwa TH. Wanajeshi wakafika, mimi nikafungua kitabu mapema kidogo nikijua wataimaliza TH sasa hivi, tonado ikawashika wanazunguka tu kama nguo kwa mashine, kitabu hakizuii hiyo kwa sababu kuzungushwa si kuumizwa. Dhahabu ikaisha wakiwa bado kwa duara. Wakatoka, wakamalizia TH, bomu likawachukua. Huyo mtu aliyepanga hiyo beisi nikikutana na yeye nitamnunulia chai na mandazi, kweli alifikiria.

mama_Rongai_TH14

@boda_Pipeline kama nguo kwa mashine 😂 Hiyo tonado hata mimi imenila. Sasa nikiona wamekwama nangoja watoke ndio nifungue, hata kama roho inaniuma.

kijana_TH11_mpya

Samahani wakubwa, mimi ndio nimefika TH11 wiki hii, nikipata ore nianze na kitabu ama nigawe?

soldier_wa_zamu

Anza na kitabu na Life Gem, kijana. Hiyo ya pili inawaongezea askari uhai muda wote na haiombi ubonyeze chochote, kwa hivyo haikosei. Epiki zitakungoja. Na vita usikose, hata mkipigwa ore kidogo inabaki.

MzeeWaUmo1

Nimerudi. Asanteni wote, nimesoma mpaka nikapitisha stage.

Sasa sikieni. Baada ya maneno ya StarryTajiri nimemwita yule jamaa wetu tukakaa kwa kibanda cha chapo hapa Umo tukafungua riplei zake zote mbili. Ya kwanza, Fireball imechoma ghala la dhahabu. Kabisa. Warden alikuwa nje ya ukuta, kitu cha kwanza mbele yake ni ghala, jamaa akabonyeza bila kuangalia. Ya pili alichoma vizuri, chumba kizima kikaenda, hata mimi nikasema aah, lakini akaingia kwa TH bila kitabu na bila kitu kingine cha kuzuia bomu, jeshi likaisha hapohapo na beisi imebaki robo. Fireball yake ni levo 9. Nikamuuliza kwani uliipeleka vitani ikiwa levo 9, akasema aliona mtu mtandaoni anaitumia. Huyo wa mtandaoni ana 27.

Tukabishana tena kidogo. Anasema akifika levo ya maana atairudisha, na mimi sijamkataza, kwa sababu ile ya pili nimeiona kwa macho yangu. Lakini ligi ya vita vya klani inaanza leo na huko ni ataki moja kwa siku, siku saba, hakuna ya pili ya kurekebisha makosa. Amevaa kitabu. Mpinzani wetu wa kwanza ana TH katikati na pembeni yake pameachwa mraba mmoja peke yake hauna kitu, soldier_wa_zamu ukipata nafasi usiku nitakutumia picha uniambie kama hiyo ni tonado.

Jamaa anavamia saa tatu usiku, nimemwambia awe ameshuka kwa mat.