Mjadala: Je, mioto ya San Juan kwenye fukwe za Hispania ipigwe marufuku?

Mtoa hoja:
Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni, sikukuu ya San Juan, yaani ya kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, wakazi wa pwani ya Hispania hushuka ufukweni na kuni, fanicha zilizochakaa na vikaratasi walivyoandikia mambo wanayotaka kuachana nayo, wakawasha moto, wakauruka, na ifikapo saa sita wakaingia baharini. Galicia, jimbo la kaskazini-magharibi, huchoma sadini juu ya makaa. Málaga huteketeza masanamu ya matambara yaitwayo júas. Barcelona imekwisha kukata shauri: kukesha ufukweni ruksa, kuwasha moto marufuku. A Coruña, mji wa Galicia ambao sherehe yake ilitambuliwa mwaka 2015 kuwa kivutio cha utalii wa kimataifa, huruhusu moto kwa masharti katika fukwe za Riazor na Orzán.

Kwa maoni yangu, A Coruña ndiyo iliyopatia. Wanaotetea marufuku hutaja uchafu, na kweli alfajiri wafanyakazi wa usafi hukuta mchanga umejaa chupa, makopo na mifuko. Lakini uchafu huo huachwa na umati, si na moto, na ndiyo maana Barcelona, pamoja na marufuku yake, bado hulazimika kuwaondoa watu asubuhi na mapema ili isafishe fukwe. Ukiondoa moto, kinachobaki ni ulevi wa kawaida wa usiku wa joto, na huo sioni sababu ya kuukeshea.

Mchangiaji:
Ndugu mtoa hoja, umeyapita haraka mno madhara ya moto wenyewe. Mbao za mapaleti huungua zikaisha, lakini misumari yake hubaki mchangani, mahali ambapo watoto watacheza pekupeku kesho yake. Anayefukia makaa kwa mchanga hudhani ameyazima, kumbe ameyaficha tu, nayo hukaa na joto kwa saa nyingi yakimsubiri atakayeyakanyaga. Tena, katika pwani ya Mediterania, huu ndio msimu wa kasa kupanda kutaga, na miaka ya karibuni viota vyao vimeongezeka kwenye fukwe za Hispania. Kasa jike akikuta mwanga na kelele hugeuka akarudi majini. Masharti unayoyasifu yatasimamiwa na nani katikati ya maelfu ya watu gizani?

Mtoa hoja:
Kuhusu kasa umenishinda, kwa hiyo ninarekebisha hoja yangu: kwenye fukwe wanakotaga, moto usiwashwe kabisa. Lakini sababu hiyo haifiki Galicia, kwenye maji baridi ya Atlantiki. Kuhusu usimamizi, tazama Alicante, mji wa pwani ya Mediterania, ambako katika sikukuu hiyohiyo tangu mwaka 1928 masanamu makubwa huteketezwa mitaani, katikati ya majengo, wazimamoto wakiwa wameshika mipira ya maji. Kama jambo hilo linawezekana kando ya madirisha ya watu, sembuse hatua chache kutoka baharini. Manispaa itenge maeneo, igawe kuni zisizo na misumari wala rangi, na makaa yazimwe kwa maji badala ya kufukiwa. Ninachokiri bado kinanitatiza ni gharama: je, ibebwe na mkazi anayelipa kodi mwaka mzima, au na mgeni aliyekuja kwa usiku mmoja? Hapo ningependa kusikia wengine.