Mama anapungua uzito akiwa kwenye dawa za saratani

Binti wa Mikindani: Shikamooni wakubwa, salamu kwa wengine. Mama alikuwa kilo 62, sasa 57, miezi miwili ya tibakemia. Anasema chakula kina ladha ya chuma. Uji anaishia vijiko vitatu. Nifanyeje?

Mpishi wa Lindi: Pole sana mdogo wangu. Kilo 5 kati ya 62 ni asilimia 8. Daktari ajulishwe wiki hii hii, msingoje kliniki ijayo. Usimwongezee vikombe, ongeza nguvu ya uji wenyewe, maana uji mwepesi unamjaza maji tu. Twanga kiganja cha korosho zilizobanguliwa na kukaangwa (gramu 30, kama kalori 165) mpaka zitoe mafuta na kugandana kwenye mchi. Koroga kwenye kikombe kimoja pamoja na tui zito. Mpe kidogo kidogo, kila saa mbili. Kijiko kiwe cha mti au plastiki, na uji uwe vuguvugu. Mvuke wa moto hupandisha kichefuchefu.

Nesi Mstaafu: Limau hukata ile ladha ya chuma, ila kama ana vidonda mdomoni asiguse.

Na uzito ukipanda ghafla msishangilie. Deksamethasoni, dawa ya steroidi ambayo mara nyingi hutolewa pamoja na tibakemia, huleta njaa, na huweza kujaza maji mwilini. Bonyeza muundi kwa kidole gumba sekunde 10: pakibaki kishimo, hayo ni maji, arudi hospitali. Mpimeni mara moja kwa wiki, mzani ule ule, asubuhi kabla hajala. Dawa asijipunguzie.