Fomu ya ushirika inauliza "Umewahi kubatizwa?" Aliyebatizwa utotoni aandike nini?

Katibu wa kanisa, Chumbageni (mwanzisha mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na salamu kwa majirani wa dini nyingine ambao najua mnasoma kimyakimya.

Mimi ni katibu wa kanisa moja la Kibaptisti hapa Tanga mjini. Wiki mbili zilizopita alikuja ofisini dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mlalo. Ameolewa na mshiriki wetu, anasali nasi tangu Januari, na sasa anataka kuandikwa mshiriki. Nikampa fomu. Swali la nne: "Umewahi kubatizwa? Ndiyo / Hapana." Nikaona kalamu inaelekea kwenye Ndiyo, nikawahi. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Hapo weka Hapana, dada. Ule wa utotoni sisi hatuuhesabu."

Akafunika kalamu, akailaza juu ya meza. Akafungua mkoba akatoa bahasha ya kaki, na ndani yake cheti cha ubatizo cha Kilutheri, kimekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Jina la mama wa ubatizo limeandikwa kwa wino wa bluu, nalo ni la bibi yake. Akasema, "Kaka katibu, nikiandika Hapana, bibi atakuwa alifanya nini siku ile?"

Sikuwa na jibu. Fomu iko kwenye faili mpaka leo, swali la nne liko tupu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msije mkasema najificha nyuma ya swali. Mimi ni Mbaptisti na nitabaki hivyo. Naamini ubatizo ni wa mtu aliyeamini mwenyewe, na ni wa maji mengi. Ila tumekuwa wavivu, tunakataa mambo ya wenzetu bila kujua wanachoamini. Mimi mwenyewe, mtoto wa kanisa hili, hadi mwezi huu nilidhani Walutheri wanayaona maji yale kama tiketi ya basi: mtoto kamwagiwa, safari ya mbinguni imelipiwa. Nimekwenda kuwauliza, hawasemi hivyo hata kidogo.

Na yetu wenyewe tunayajua? John Smyth, tunayemhesabu miongoni mwa waanzilishi wetu, alijibatiza mwenyewe kule Amsterdam mwaka 1609, tena kwa kumwagia maji. Baadaye akajuta kujibatiza, akaomba kupokelewa na Wamenno (Wamennonite), Wakristo wengine waliobatiza watu wazima. Mwenzake Thomas Helwys ndiye aliyerudi London na kundi lililobaki. Kuzamisha kulishika mizizi kwa Wabaptisti wa Uingereza miaka ya 1640. Sasa Smyth angeingia ofisini kwangu, naye ningemwambia aweke Hapana? Mwaka 1673 John Bunyan aliandika kwamba kutofautiana juu ya maji kusiwazuie watu kushirikiana, na William Kiffin, Mbaptisti mwenzake wa London, akampinga vikali. Swali la nne kwenye fomu yangu lina miaka 350.

Sisi hatuna askofu wa kutuamulia, kikao cha washirika ndicho kitakachopiga kura. Kabla ya hapo nataka kusikia. Matusi hapana.

Shemasi mstaafu, Makorora

Katibu, nakuheshimu, lakini umetuletea Smyth na Bunyan kabla ya Filipo na towashi. Towashi alisema, "Tazama, maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" Wakatelemka majini wote wawili. Kama tone lilitosha, gari lilisimamishwa la nini? Mtu asafiri jangwani asiwe na kibuyu cha maji ya kunywa?

Neno lenyewe la Kigiriki maana yake ni kuzamisha au kuchovya. Tatizo la Kiswahili ni kwamba tumelichukua "batiza" likiwa limefungwa, hakuna anayeona kilichomo. Nenda Sahare, mwambie mvuvi ngalawa yako imezama, kisha mwambie "yaani imenyunyiziwa". Utaona atakavyokuangalia.

Nimesimama majini pale Raskazone zaidi ya miaka ishirini. Tunangoja bamvua, tunamuuliza mvuvi saa ya maji kujaa, maana yakipwa pale unatembea kwenye tope mpaka watu ufukweni wanakuwa wadogo na magoti bado hayajalowa. Mwaka mmoja tulikosea saa. Wabatizwa saba na kanzu zao walikaa juu ya mchanga saa tatu nzima wakiimba mpaka sauti zikakauka, na hakuna aliyesema basi tulete ndoo. Mnadhani ni ukaidi?

Mwaka 1527 Felix Manz alizamishwa kwenye mto Limmat, Zürich, afe, kwa sababu ya jambo hili hili la kuwabatiza watu wazima. Mtu katolewa uhai kwa ajili ya swali la nne, halafu mimi niliite tiki tu kwenye karatasi? Dada yetu tunampenda. Aandike Hapana, atelemke majini.

Mwalimu wa kipaimara, Lushoto

Shemasi, shikamoo. Nashukuru katibu alikwenda kuuliza, wengi hawaulizi.

Katekisimo Ndogo ya Luther ni ya mwaka 1529, na watoto wangu wanaikariri mpaka usingizini. Inasema wazi kwamba maji bila Neno la Mungu ni maji tu. Tena, mwaka 1519 Luther mwenyewe aliandika kwamba angependa mtoto azamishwe kabisa, maana ndivyo ishara inavyosema vizuri zaidi. Kwa hiyo kuhusu wingi wa maji, shemasi, hatugombani sana. Tofauti yetu iko kwenye swali la nani anatenda. Kwenu ubatizo ni mtu anamjibu Mungu, anashuhudia mbele ya watu. Kwetu ni Mungu anamwambia mtu, "wewe ni wangu", na mtu anatumia maisha yake yote kujibu. Luther alipobanwa na mashaka alijikumbusha kwamba amebatizwa. Alibatizwa siku moja baada ya kuzaliwa, asingeweza kuikumbuka siku hiyo hata angetaka.

Nina swali la kweli, si la mtego. Mnaye mshiriki mwenye ulemavu wa akili, ambaye hawezi kutoa ushuhuda mbele ya kikao? Au mzee aliyezamishwa ujanani, leo amesahau hata jina la Yesu? Huyo mzee mnasema ubatizo wake umekwisha? Kama haujaisha kwa sababu Mungu anakumbuka, basi tumefika karibu na nyumbani kwetu.

Na letu nikiri. Wazazi wengine wanaleta mtoto, wanapiga picha, wanachukua cheti, hatuwaoni mpaka mtoto afike umri wa kipaimara. Shemasi akisema hatuwalei, hapo hajanionea.

Bibi wa Muheza

Wanangu, mimi Mwanglikana wa upande wa Magila, na simu hii ni ya mjukuu, ndiye anayeniandikia.

Nacheka mkisema "madhehebu mengine" kama vile kila dhehebu ni kitu kimoja. Mwanglikana wa Dodoma akija kusali kwetu anababaika. Anaona chetezo, ubani, kengele, anasikia misa, ananinong'oneza, "Bibi, tumeingia RC?" Kwake waliletewa injili na wamisionari wa CMS, sisi tuliletewa na wa UMCA, yote mashirika ya Kianglikana, na Waingereza wale walikuwa hawaelewani kwao kabla hawajapanda meli.

Mnamjua Askofu Frank Weston wa Zanzibar? Huku kwetu kulikuwa chini yake. Mwaka 1913 wamisionari walikutana Kikuyu, Kenya, wakapanga namna ya kushirikiana, na mwisho Askofu wa Mombasa akawapa meza ya Bwana Waanglikana pamoja na Wapresibiteri na wengine. Weston aliposikia akawaka, akawashitaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwamba ni wazushi. Fikirini, kwa meza moja tu! Mimi naona alikosea. Ila alikuwa anajua anachokikataa, kipengele kwa kipengele. Katibu kasema alikuwa anakataa tiketi ya basi.

Katekista, Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo. Nakaa jirani na misheni ya Mababa wa Roho Mtakatifu, iliyoanza hapa mwaka 1868.

Nitaje moja ambalo Wabaptisti wengi hawalijui. Mbaptisti akija kwetu hatumbatizi upya. Alibatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu? Basi, tunauheshimu. Tunachomfundisha ni mengine. Yaani mlichokifanya pale Raskazone sisi tunakiita ubatizo, tulichokifanya sisi hapa ninyi mnakiita Hapana.

Katibu wa kanisa, Chumbageni

Katekista, nimeumia kidogo lakini ni haki yangu. Ila na mimi nikurudishie: ukinileta Jumapili kanisani kwenu, mnanipokea mezani? Hapana, mpaka niungane nanyi kamili. Kwetu wewe ungekula mkate, wengi wetu tunafungua meza kwa kila aliyemwamini Kristo. Ninyi mnatukubali majini mnatuzuia mezani, sisi tunawakubali mezani tunawazuia majini. Sijui nani kati yetu atacheka wa mwisho.

Katekista, Bagamoyo

Hilo nimelipenda. Siwezi kulipinga.

Msabato, Korogwe

Mnatusahau kila siku. William Miller, ambaye mahubiri yake yaliwasha vuguvugu tulilotoka, alikuwa Mbaptisti. Na Sabato yenyewe waliletewa Waadventista wa New Hampshire na mama mmoja, Rachel Oakes, miaka ya 1840. Alikuwa Mbaptisti wa Siku ya Saba. Kwa hiyo mkitusema kwa ajili ya Jumamosi, mjue mlitugawia wenyewe. Swali dogo: nasi tunazamisha watu wazima. Msabato akihamia kwenu, fomu inasemaje?

Shemasi mstaafu, Makorora

Maji yenu hayana neno. Habari ya Jumamosi ndiyo tutaizungumza, tena si leo.

Mwalimu wa Lushoto, swali lako la mzee aliyesahau limenikalisha. Nina kaka yangu wa hivyo. Sijui kama linathibitisha ya watoto wachanga, lakini sitalijibu kwa haraka.

Jirani, Barabara ya 9, Ngamiani

Asalaam aleikum. Mimi Mwislamu, nimezoea ugomvi wa ndani ya nyumba, kwetu tunao wa maulidi na hauishi. Dini yenu siigusi. Ila Kiswahili ni cha wote, na mtu wa Tanga haachi kitu hivi.

"Umewahi" inauliza kama jambo limetokea. Umewahi kwenda Pangani? Nimewahi. Sasa hata kama nilikwenda nikalala kwenye gari sikuona kitu, nimewahi. Binti kamwagiwa maji, padri au mchungaji kayasoma maneno, bibi kamshika, cheti kimeandikwa. Mkimwambia aandike Hapana mnamfundisha kusema uongo kwenye karatasi ya kuingilia kanisani. Kama ninyi mnataka kujua ubatizo wake mnauhesabu au hamuuhesabu, hilo ni swali lenu la kujiuliza wenyewe, msimpe yeye ajibu kwa niaba yenu.

Bibi wa Muheza

Huyo wa Barabara ya 9 nani kamsomesha? Mungu amweke.

Shemasi mstaafu, Makorora

Nimekaa na hili usiku kucha. Jirani yuko sawa, swali la nne ni bovu. Niliandika mimi fomu ile, miaka mingi iliyopita, na sikufikiria mtu wa namna hii. Kikao kikija nitasimama mwenyewe kuomba libadilishwe.

Lakini katibu, usije ukadhani nimehamia kwa Bunyan wako. Spurgeon, mhubiri wetu wa Kibaptisti kule London, aliwakaribisha mezani hata wasiozamishwa, ila ushirika aliwaandika waliozamishwa. Hapo ndipo nilipo. Mezani aje Jumapili hii hii, nitampelekea sinia kwa mkono wangu. Kuandikwa, atelemke. Nitapiga kura hivyo.

Katibu wa kanisa, Chumbageni

Nami nitapiga kura aandikwe kwa ushuhuda wake, na akitaka bahari, aitake mwenyewe. Huenda nikashindwa, maana shemasi ana watu wengi nyuma yake na mimi nina faili. Kikao ni Jumapili baada ya ibada.

Jana nilimpelekea shuleni fomu nyingine, swali la nne nimelifuta na kuliandika upya kwa mkono: "Ulibatizwa lini, wapi, na kwa namna gani?" Kajaza palepale, amesimama mlangoni mwa darasa, watoto wanapiga kelele ndani. Kwenye "kwa namna gani" kaandika: "Mchungaji alinimwagia maji mara tatu. Bibi ndiye aliyenishika. Wanasema nililia."